Kiu ya Namba Mbili

Mtungi wa Semeni ulikauka saa sita mchana, kifuniko kikiwa juu yake na kata ikiwa msumarini pake. Haukuvuja, sakafu chini ilikuwa kavu kama kiganja cha bahili. Miaka ile ilikuwa ya unga wa njano, tuliouita Yanga, na foleni za sabuni, kwa hiyo Semeni aliamini mtaa mzima wa Ngamiani umegeuka wezi, hata wa maji. Akajaza tena. Kesho yake, jua la utosi, mtungi mtupu, na chumba kizima kinanuka mafuta ya mashine na chuma cha moto.

Nanyi mnaodhani majini hutoka usiku tu, kaeni kitako. Jini la usiku ni mwanagenzi. La saa sita mchana, wakati kivuli cha mtu kimejificha chini ya nyayo zake, hilo ndilo lililofuzu, na habari zake hapa Tanga hakuna azijuaye kunizidi.

Siku ya tatu kiu ikamwingia Asmaa, binti yake wa miaka sita. Alikunywa kata, akanywa ndoo, midomo ikazidi kupasuka. Hospitali walimtundikia chupa za maji mpaka wakachoka.

"Mtoto anakauka, mama," daktari alisema, "na mimi sijui maji yanakokwenda."

Baba yake, Massoud, fundi baiskeli, alijua. Akaenda kuchota ndoo nyingine.

Akaitwa Bi Mastura, mganga wa Chumbageni. Alifunga madirisha, akatia ubani chetezoni, akamfunika mtoto kaniki, akauliza taratibu, "Mgeni, una jina?"

Kisha chini ya kaniki ikasikika tik, tik, tik, kama mtu apangaye risasi kwenye mkanda, halafu shiiii, maji yakimwagwa juu ya chuma cha moto, na moshi wa ubani ukalala sakafuni badala ya kupanda, na kaniki ikateleza, na katika kinywa kile cha meno ya maziwa ikatoka sauti nzito ya kiume, iliyokauka, huku macho ya mtoto yakimtazama si mganga, si mama, bali baba, aliyekuwa amebana mgongo ukutani akiutafuta mlango kwa kisigino:

"Namba Moja. Nigawie na mimi."

"Anamwita nani?" Semeni akanong'ona.

"Mumeo. Baba Asmaa, mjibu mgeni."

"Simjui."

Mtoto akakohoa. Likatoka vumbi.

"Mimi ukiniongopea nitacheka," alisema Bi Mastura. "Huyu atakuzikisha mwanao."

Massoud aliteleza ukutani mpaka akakaa chini. "Ni Abrahamu," alisema.

Vitani, huko Uganda, Massoud alikuwa namba moja, mpigaji wa bombomu, bunduki nyepesi ya Kirusi ya kumimina risasi, na Abrahamu alikuwa namba mbili wake, mbeba mikanda ya risasi. Lilikuwa silaha tamu hilo: risasi mia zimejikunja ndani ya kopo la duara tumboni mwake, na mtu mmoja anakimbia nalo. Lakini Mrusi, ili lisizidi uzito, aliukaza mtutu moja kwa moja, haubadilishwi. Kwao kuna theluji, likichemka unalizika humo, ukavuta sigara. Kule kilimani, saa sita mchana, theluji haikuwapo. Mtutu umewiva mwekundu, risasi zinakwenda zinakotaka, na nyuma yao wamelala wenzao kumi na saba wasio na njia ya kutokea bombomu likinyamaza. Maji yamebaki chupa moja. Abrahamu ana risasi pajani, damu haikatiki.

"Akasema nigawie," Massoud alinong'ona. "Nikayamwaga kwenye mtutu."

"Yote?" aliuliza Semeni.

"Lilikuwa linakwama, Semeni. Watu kumi na saba."

"Tone la kumlowesha midomo, Massoud!"

Ikajibu sauti ile kavu. "Mama yangu ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ulikufa papo hapo. Hukuumia."

"Kamwambie."

Mama huyo, Kristina, aliishi kambi ya mkonge, njia ya Muheza. Massoud alipiga baiskeli tangu alfajiri, akamkuta nje ya chumba chake akimenya muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Massoud mwanangu! Leo umenikumbuka. Kaa nikuletee maji."

"Nisikilize kwanza."

Akasema yote. Mama hakuinua uso. Aliendelea kumenya, akamenya na nyama ya muhogo, mpaka ukabaki mwembamba kama kidole.

"Mwaka wa nne huu," alisema, "kila Jumapili namshukuru Mungu kwamba hakuumia."

"Nisamehe, mama. Asmaa anakufa."

"Asmaa ana kosa gani?" Akaielekea mistari ya mkonge, akapaza sauti. "Abrahamu! Mwache mtoto wa watu. Mtoto nimemtolea radhi."

"Na mimi, mama?"

Alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Massoud. "Wewe naitafuta moyoni radhi yako, baba. Siioni." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Massoud alipofika Ngamiani, Asmaa yuko barazani anakula ubuyu, midomo myekundu.

"Baba, umechelewa!"

Semeni analia na kucheka pamoja. Akamchotea mumewe kata ya maji. Massoud akanywa, akairudisha. Akachotewa nyingine.

"Kiu ya baiskeli hiyo," Semeni alimtania.

"Niongeze."

Akacheka, akachota. Akacheka, akachota. Kwenye kata ya saba Semeni aliacha kucheka.