Picha za Mbuzi wa Mama Halimo

Mama Halimo anauza mbuzi katika soko la Kiamaiko, Nairobi. Kila jioni huwapaka chaki mgongoni. Chaki nyekundu ni ya mbuzi wa kuchinjwa kesho yake. Chaki ya bluu ni ya mbuzi wa kubaki. Wengi ni weupe, na kwa macho tu huwezi kuwatofautisha. Mvua ikinyesha chaki inatoka, na hapo kelele zinaanza zizini.

Mimi ni Awiti wa Donholm. Mwaka jana nilikuwa nasomea kompyuta, na nilikuwa na mdomo, nakubali.

"Mama, hiyo ni shida ndogo," nilimwambia. "Tuwapige picha wakishapakwa chaki. Mvua ikinyesha, mtaangalia picha."

"Na picha ikikosea?"

"Kompyuta haikosei, mama."

Heri ningenyamaza siku ile.

Kila mbuzi ana hereni ya plastiki yenye namba. Kyule, mfanyakazi wa Mama Halimo, alishika masikio ili namba zionekane. Mimi nikapiga picha. Zilikuwa nzito kutuma kwa simu, kwa hivyo niliandika programu ya kuzipunguza ukubwa. Programu ilifungua kila picha, ikaipunguza, kisha ikaihifadhi. Nikamtumia Kyule zote kwa simu.

Alifungua moja akaitazama.

"Madam, mbona mkono wangu hapa ni wa bluu? Ni kama wa maiti."

Nilicheka. "Ni mwanga tu. Wewe chunga mbuzi."

Asubuhi yake mvua ilinyesha. Mama Halimo alikuwa amempeleka mjukuu wake kliniki, na simu yake haikupatikana. Kyule akanipigia mimi.

"Madam, picha inasema namba kumi na moja ana nyekundu. Lakini huyu si ndiye wa maziwa ya mtoto? Nakumbuka ni kama alikuwa na bluu."

Nilijua mbuzi huyo. Maziwa ya ng'ombe yalikuwa yakimuumiza yule mjukuu tumbo, kwa hivyo alikunywa ya mbuzi huyo pekee.

"Unakumbuka vizuri kuliko kompyuta?" nilimuuliza. "Labda Mama Halimo amebadilisha mawazo. Fuata picha."

Mama Halimo alirudi saa sita. Mbuzi wengine waliotoka na nyekundu pichani walikuwa bado wamefungwa kamba, wakingoja zamu. Namba kumi na moja alikuwa ameshachinjwa. Nilipofika nilimkuta Mama Halimo ameketi kwenye ndoo, mtoto mapajani. Hakunigombeza.

"Sasa leo huyu atakunywa nini?" aliniuliza.

Niliona haya hata kusimama pale.

Jioni nilimpelekea jirani yangu Lorraine tarakilishi yangu. Yeye hufundisha kompyuta. Alisoma programu yangu taratibu.

"Ndani ya programu, umetumia kifaa gani kufungua picha? Na kipi kuhifadhi?"

Nikamwonyesha. Vilikuwa viwili tofauti.

"Basi ni hapo," alisema. "Kwa kompyuta, picha ni namba. Kila nukta ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Hiki cha kufungua huanza na bluu. Hicho cha kuhifadhi kinatarajia nyekundu ndiyo ianze. Hukuzipanga upya."

"Kwa hivyo nyekundu ikawa bluu?"

"Na bluu ikawa nyekundu. Kijani iko katikati, haikuhama. Hebu nione picha za mwanzo."

"Hazipo. Nilihifadhi mpya kwa jina lilelile, mahali palepale. Zikafuta za mwanzo."

Lorraine alitikisa kichwa. "Awiti, hata kama mtu angetaka kuhakikisha, angehakikisha na nini?"

Tulirekebisha pamoja. Sasa programu hupanga rangi upya kabla ya kuhifadhi. Picha za mwanzo hukaa kwenye folda yao, na haziguswi. Zilizopunguzwa huwekwa kwenye folda nyingine, kwa jina jipya. Na kila jioni picha ya kwanza ni ya vitambaa viwili, chekundu na cha bluu. Rangi zake zisipotoka sawa, hatuendelei.

Mbuzi mwingine wa maziwa alipatikana baada ya wiki tatu. Wiki hizo tatu mtoto alikunywa uji mtupu, akakonda. Mvua zimenyesha mara nyingi tangu hapo, na hakuna mbuzi mwingine aliyechinjwa kimakosa. Wafanyabiashara wawili wa jirani wameomba programu hiyo. Mama Halimo huwaambia, "Msichana wetu ndiye ameiandika." Mimi huinamisha kichwa.

Ilinichukua mwezi mzima kumwendea Kyule.

"Uliona makosa mapema," nilimwambia. "Uliniambia mara mbili, nami nikakudharau. Nisamehe."

"Nilikuwa na hakika, madam. Nilikuwa nimeshafungua kamba yake nimrudishe ndani."

"Basi mbona ulimpeleka?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Wewe ndiye umesoma," alisema.