Gari la Marehemu Habarurema

Jua lilikuwa linazama Éphraïm alipoingia uani kwa Mama Dancille, mtaani Mabanga, na mfuko wa spana begani. Alitaka kitu kimoja tu: cheni ya transfere, ile buati, sanduku la gia la chini ya gari la jipu, inayogawa nguvu ya injini mbele na nyuma. Ya jipu lake ilikuwa imelegea, inaruka meno, na kesho asubuhi alipaswa kumpeleka mkewe, Charline, kijijini Kalengera, akajifungulie kwa mama yake. Barabara ile ikinyeshewa haimwonei mtu huruma.

Jipu la marehemu lilikaa juu ya mawe ya volkeno, halina magurudumu. Habarurema, mume wa Mama Dancille, alikuwa amefia kwenye usukani wake.

“Papa Éphraïm, kilio bado haijaisha,” mjane alisema polepole. “Kamata milango, kamata viyoo. Ile ya chini uache mpaka misa ipite.”

Huo ndio mwiko wa mafundi wa pale. Gari la dereva aliyekufa haliguswi matumbo kabla ya matanga kuondolewa, kwa sababu mwenyewe hajajua bado kwamba safari imekwisha. Éphraïm aliujua tangu alipojifunza kazi. Lakini haraka ilimshika, na haraka haina baraka.

“Mama, ni ya kubeba bibi yangu. Iko na mimba, mwezi yake imefika.”

Mjane alishtuka, akaweka kidole mdomoni.

“Usisemee hapa.”

Akaingia ndani bila kusema ndiyo wala hapana. Éphraïm akachukulia kimya kile kuwa ndiyo, akajilaza chini ya jipu.

Injini haikuwashwa tangu mazishi. Oili ilipaswa kuwa baridi. Alipolegeza kizibo ikamtiririkia mkononi...

Ya moto.

Ilinuka ubani na jasho la mtu. Mwenye akili angeondoka hapo hapo, lakini hofu ya kumkwamisha mkewe matopeni ilizidi hofu nyingine yote. Akafungua buati, akaishika cheni.

Juu yake, kiti kikalia. Mtu mzito ameketi.

Klak.

Levi ya transfere, ule mkono wa gia, ilivutwa. Chuma cha ndani kikasogea mbele ya macho yake, taratibu, bila kuguswa.

“Charline yuko wapi?” sauti ya mwanaume ikauliza, kwa upole wa dereva anayemngoja abiria.

Éphraïm hakuwa amelitaja jina hilo.

Alitambaa nje, magoti yamechubuka. Ndani ya jipu hamkuwa na mtu. Mama Dancille alikuwa mlangoni, kitenge amekishika kifuani.

“Funga,” alinong'ona.

Akarudi chini akaikaza kila boliti, akiomba msamaha kwa sauti ya kulia. Alipomaliza, mjane aliweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza.

“Ametoka kitambo.”

“Aksanti Mungu,” Éphraïm akasema, akakaa chini.

“Usishukuru bado. Ulimwambia kuko mama wa kubeba. Bwana yangu haachaki mutu njiani.”

Simu ya Éphraïm ikaita. Alikuwa Charline, na sauti yake ilikuwa ya furaha.

“Éphraïm, ulifanya vizuri kunitumia huyu muzee. Nilisema tungoje asubuhi, yeye anasema ni wewe ulisema twende leo.”

“Muzee gani? Charline, usipande.”

“Tuko mu njia tayari. Gari yake ni muzuri, haitikisike hata kidogo. Hata injini haisikilike.”

“Shuka. Ninakuomba, shuka.”

 Éphraïm akamsikia akimuuliza mtu, kwa sauti ndogo, kwa nini hawajapita bado nyumba hata moja. Akaliita jina la mkewe mpaka simu ikanyamaza, na Mama Dancille akaanza kusali rozari kwa ajili ya watu wawili, Charline na mtoto wa tumboni.