Mlango Usio na Chumba

Hii sikusimuliwa. Ningekuwa nimesimuliwa ningecheka, kama mtakavyocheka nyinyi, maana mimi ni fundi cherehani. Mambo yangu ni kupima na kukata, mizimu sina muda nayo. Lakini mtoto ni wa dada yangu wa tumbo moja, na gauni nililishona mwenyewe.

Dada anatembeza wageni kwa miguu katika mtaa wa zamani wa bandarini. Anaanzia forodhani, anapita kwenye nyumba za wafanyabiashara wa kale, anamalizia kwenye mnara wa taa. Hutembea kinyumenyume akisimulia, ili awaone nyuso, na hajawahi kujikwaa. Kazi anaijua. Shida yake ilikuwa kipande kimoja tu, ukuta mrefu wa ghala usio na habari yoyote. Wageni wakifika hapo walipiga miayo na kuchezea simu. Katika ukuta ule kuna mlango mdogo wa mbao, umefungwa tangu enzi. Mlinzi wa ghala alishatuambia kwamba nyuma yake palizibwa kwa mawe, hakuna chumba.

Basi siku moja dada akautungia mlango ule hadithi. Akasema zamani palikuwa na binti wa mtunza ghala, mtoto msemaji kupindukia, mwenye gauni la njano lenye mfuko upande mmoja. Baba yake alichoshwa na kelele, akamfungia humo, akapanda meli, hakurudi. "Wekeni masikio mlangoni," akawaambia. "Hadi leo anaongea." Wageni wakaweka masikio, wakacheka, wakapiga picha. Jioni dada akanieleza huku akijipiga mapaja.

"Gauni la njano lenye mfuko mmoja?" nikamwuliza. "Si la Chiriku hilo?"

"Nilikosa la kusema, mdogo wangu. Nikamchukua ninayemjua."

Chiriku ni binti yake. Jina hilo tulimpa sisi, maana tangu ajue kutamka "mama" hajafunga mdomo. Anaongea akila, anaongea usingizini. Akitoka shule hukaa kando ya cherehani yangu na kunipa habari za dunia nzima, mpaka nashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mara ngapi nimemwambia, "We mtoto, nipumzishe masikio!" Mungu anisamehe.

Hadithi ikapendwa. Na kadiri dada alivyoisimulia, ndivyo Chiriku alivyopoa. Kwanza akaacha kuongea usingizini. Kisha ikawa anaanza sentensi, anaikatisha, anakodolea macho ukuta. Mwishowe kimya. Tukampeleka hospitali, daktari akammulika koo, akasema koo zima. Shuleni wakasema amekua, ametulia. Ametulia! Nyumba ilikuwa kama ya msiba, jamani. Dada alikaa naye kitandani akimbembeleza aseme neno moja tu, hata tusi.

Asubuhi moja, jua limewaka, dada alikuwa mlangoni na kundi lake. Mama mmoja mtu mzima akatoa sikio ubaoni taratibu. Hakucheka.

"Anasema kifungo kimekatika," akanong'ona. "Anasema mama mdogo amshonee."

Dada hakumaliza matembezi. Alikuja kwangu mbio, viatu mkononi. Chiriku alikuwa pale pale kando ya cherehani, na gauni lake la njano, hajatoka nje tangu alfajiri. Tukamgeuza. Kifungo cha mgongoni hakipo. Nikafagia, nikapekua vitambaa, sikukiona. Nikatafuta kwenye kopo la vifungo, nikapata cha kijani, kilikuwa kimoja tu cha rangi ile. Nikakishona kwa uzi mwekundu, nikapiga fundo.

Kesho yake dada alisimama na wageni mbele ya mlango, nami nikiwa kando yake. "Nimewadanganya wenzenu," akasema. "Hapa hakufungiwa mtoto. Mtoto ni wangu, yuko nyumbani, mzima." Machozi yanamtiririka. Wageni wakampigia makofi, wakidhani ndiyo mbwembwe za kazi.

Tulipokuwa tunarudi tulimsikia tangu uchochoroni. "Mama mdogo, mbona mmekawia, paka amemwaga vifungo vyote!" Loh! Dada alipiga magoti hapo hapo njiani, kwenye vumbi. Siku hiyo mtoto aliongea mpaka usingizi ukamchukua, na wala sikumnyamazisha.

Laiti ningeishia hapo. Lakini watembeza wageni huibiana hadithi, ndiyo kazi yao ilivyo. Ile ya mlango ilikuwa imeshaingia vinywani mwa wote, kila mmoja na chumvi yake. Dada aliwazungukia akiwaomba waiache. Wakamcheka. "Unatubania riziki, dada?" Maji yakimwagika hayazoleki. Ilipotia nanga meli kubwa ya watalii, makundi yakapokezana mlangoni, na Chiriku akanyamaza katikati ya neno. Alikuwa ananiomba mkasi. Mkono wake ukabaki umenyooka.

Nikaenda mwenyewe. Nikasubiri kundi lipite. Nikaweka sikio.

Alikuwemo. Anaongea. Habari za paka, za shule, za mwalimu mwenye pengo. Sauti yake ile ile, bila kupumua. Nyuma ya ubao ni mawe matupu, na mtoto wetu yumo.

"Chiriku," nikanong'ona. "Twende nyumbani."



Kitu kikakwaruza chini ya mlango. Kikatoka. Kikagusa kidole changu cha mguu. Kifungo cha kijani. Uzi mwekundu bado ulikuwa kwenye matundu, na fundo langu mwenyewe nililolifunga.

Nyumbani nilimkuta ameketi pale pale kando ya cherehani, mdomo umefumbwa. Mkono mmoja ameupeleka mgongoni, ameshika mahali kilipokuwa kifungo. Nimekishona tena, uzi mara mbili. Dada amemkumbatia, hataki kumwachia hata akanywe maji.

Chiriku bado hajasema neno. Na kesho inaingia meli nyingine.