Dawa ya Pancha na Keki ya Harusi

Jumamosi ile Nereyda aliamka na mashaka yake, kama kawaida. Kwanza aliyashuku mayai, akayatia majini kuyapima. Kisha akaushuku umeme, maana pale mjini La Vega umeme huondoka bila kuaga. Mwisho akamshuku mumewe, Fausto, kwa sababu alikuwa anapiga mluzi.

Keki ilikuwa tayari mezani. Ilikuwa na matabaka matatu, jemu ya mapera katikati, na povu jeupe la mayai na sukari nje. Hii ilikuwa keki yake ya kwanza ya harusi. Mteja alikuwa Doña Eduvigis, yaani Bi Eduvigis, mama wa bibi harusi, wa Jarabacoa kule milimani. Mama huyo alijuana na kila mtu. Keki ikimpendeza, Nereyda angepata kazi mwaka mzima. Ikimuudhi, jina lake lingeharibika kabla halijajengeka.

Alifungua buti la gari aweke kikapu. Buti lilikuwa limejaa mtungi wa gesi. Mwaka uliopita walibadilisha gari litumie gesi, kwa kuwa petroli ilikuwa ghali.

"Fausto, tairi la spea liko wapi?"

Mluzi ukakatika. "Lipo."

"Lipo wapi?"

"Lipo salama, mke wangu. Mtungi umechukua nafasi yake. Lakini usihofu, tazama hii." Akatoa chupa chini ya kiti. "Dawa ya pancha. Unaitia ndani ya tairi, tundu linaziba. Magari mengi mapya siku hizi hayaji na spea. Yanakuja na dawa kama hii."

"Umeinunua wapi?"

"Kwenye taa za kuongozea magari, kwa wachuuzi."

"Pale wanapouza miwani?"

"Na miwani yenyewe mizuri!"

Moyo wa Nereyda haukutulia. Tairi haliondoki lenyewe. Lazima liwe kwenye gari la mtu. Na mtu huyo, alijiambia, si mwingine ila Yocasta, muuza ndizi za kukaanga, anayemchekea Fausto kila jioni.

Wakaondoka. Fausto aliendesha, Nereyda akakaa nyuma na keki. Walipoanza kupanda mlima, lori likawajia katikati ya barabara. Fausto akakwepa. Gurudumu likagonga ukingo wa kalavati, pu! Gari likainama upande mmoja.

Fausto akaruka na chupa yake. Akaitia dawa yote ndani ya tairi. Mara povu jeupe likaanza kutoka ubavuni mwa tairi na kutiririka barabarani.

"Inatoka yote!" Nereyda alipiga kelele.

"Inatafuta tundu."

"Tundu imeshaliona, Fausto! Inapitia humo humo!"

Jua lilikuwa kali. Povu la keki nalo likaanza kulainika. Nereyda akainua macho, akaona kibanda mbele kidogo, na matairi yamepangwa nje. Mtu mmoja alikuwa anakuja huku akipangusa mikono.

Ahaa, Nereyda aliwaza. Pancha iko hapa, na fundi yuko hapa. Alikwisha sikia kwamba mafundi wa namna hii humwaga misumari barabarani ili wapate wateja.

"Poleni jamani," alisema yule fundi. "Naitwa Tancredo."

"Pole baadaye. Misumari yako unaimwaga saa ngapi?"

Fausto akafunika uso kwa mikono. Tancredo hakukasirika. Alichuchumaa penye tairi.

"Dada, njoo utie kidole hapa. Hili ni tundu la msumari?"

Nereyda akatia kidole. Kidole chote kikazama. Tairi lilikuwa limechanika, tena vibaya.

"Huu ni ubavu wa tairi," alisema Tancredo. "Dawa haizibi ubavu. Dawa inaziba tundu dogo, kama la msumari, kwenye uso unaokanyaga barabara. Na chupa yenyewe..." Aliigeuza, akasoma chini. "Imekwisha muda wake zamani. Hata tundu la msumari isingeliziba."

"Basi tia kiraka."

"Sitii."

"Hutii, au unataka kuniuzia jipya?"

"Saizi yenu sina. Na ubavu haupigwi kiraka. Nikiupiga, utapasuka kwenye kona huko juu, mtaishia korongoni na keki yenu. Ningekuwa mwizi, dada, ningeshakibandika kiraka na pesa yako ningeshaitia mfukoni."

Nereyda akachomoa kidole, akakipangusa kwenye gauni.

"Kwani spea yenu iko wapi?" Tancredo aliuliza. Wote wawili wakamgeukia Fausto.

"Iko kwa mama," Fausto alisema kwa sauti ndogo.

"Mama yupi?" Nereyda alimkazia macho.

"Mama yangu mzazi! Iko juu ya paa. Wakati wa kimbunga mabati yalikuwa yanapepea, nikaliweka tairi liyakandamize. Nikasahau kulishusha."

Kimoyomoyo Nereyda akamsamehe Yocasta, ingawa si kwa yote.

Fausto akapanda bodaboda kwenda kulifuata tairi. Huku nyuma, Tancredo aliihamishia keki kibandani na kuipepea kwa kipande cha boksi. Fausto aliporudi, Tancredo alilitazama tairi akatikisa kichwa. Jua la paani lilikuwa limelikausha, likajaa nyufa pande zote.

"Nalo hili halifai," alisema. "Tairi la akiba lisiloangaliwa si akiba."

Ikabidi aagize tairi lingine kutoka Jarabacoa. Walipofika harusini, wageni walikuwa wanakula keki ya dukani. Tabaka la juu la keki ya Nereyda lilikuwa limeteleza na kuanguka. Nereyda alilia mbele za watu, wala hakujificha. Doña Eduvigis alichovya kidole kwenye tabaka la chini, akaonja.

"Ni tamu," alisema. "Lakini wageni wangu hawakuila."

Njiani kurudi, Nereyda alimwambia mumewe asimame kwa Tancredo.

"Nifundishe," alimwambia fundi. "Na ukinificha kitu nitajua."

Tancredo alicheka. "Beba vyote viwili, dada. Spea ni kwa tundu kubwa au ubavu uliochanika. Iangalie upepo kila mwezi. Na jeki na spana viwemo garini, maana spea bila jeki ni mzigo tu. Dawa ni kwa tundu dogo la msumari. Nunua duka la vipuri, soma tarehe. Msumari usiuchomoe, tia dawa, jaza upepo, nenda polepole mpaka kwa fundi wa karibu. Dawa si matibabu, ni ya kukufikisha hospitali."

"Na tairi likiwa limekwisha upepo, naye Fausto anaendelea kuendesha?"

"Hapo limejisaga ndani. Dawa haisaidii."

"Umesikia, Fausto?"

"Nimesikia, mama."

Wiki ile ile Fausto alifunga fremu ya chuma juu ya gari. Wakanunua tairi zima la akiba, wakalifunga huko juu kwa mikanda. Dukani Nereyda alisoma tarehe ya chupa, kisha akamwambia muuzaji naye aisome kwa sauti.

Baadaye Doña Eduvigis alipiga simu. Binti yake mdogo alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano, umri ambao kwao msichana hufanyiwa sherehe kubwa, na utamu wa ile keki haukumtoka mdomoni. "Nakupa nafasi moja," alisema. "Ya pili usiitafute."

Siku ya sherehe, wakiwa njiani na keki kwenye mteremko, Nereyda ndiye aliyesikia kwanza. "Simama! Tairi linapumua."

Msumari ulikuwa umezama kwenye uso wa tairi. Fausto akanyoosha mkono auchomoe.

"Usiuguse!"

"Basi nishushe spea?"

Nereyda alitazama mteremko, kisha keki. Jeki ingeliinamisha gari, keki ingelala. Tundu lilikuwa dogo, na upepo ulikuwa bado umo. "Dawa," alisema.

Wakatia dawa, wakajaza upepo kwa pampu ndogo waliyoinunua pamoja na chupa. Baada ya mwendo mfupi walisimama, wakaupima. Haukupungua. Wakaenda polepole mpaka kwa Tancredo.

"Humu ndani mna dawa," Nereyda alimwahi kabla hajafungua.

"Ahsante kuniambia, ingeniruka usoni." Akalisafisha tairi, akaliziba vizuri kwa ndani. "Kanunueni chupa nyingine. Hii imemaliza kazi yake."

Keki ilifika mapema, imesimama wima. Doña Eduvigis aliizunguka taratibu huku akitafuta ufa. Hakuuona. Wageni wakasogea na visahani.

"Rudini nyuma!" aliwakemea. "Asiiguse mtu mpaka ipigwe picha. Na nani anaolewa mwezi ujao? Njoo umwone mwenye keki hapa."

Lakini mwenye keki hakuwapo ndani. Alikuwa nje, ameinama kando ya gari, analiminya tairi kwa kidole gumba.