Masahihisho ya Ukurasa wa 112

Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana, Nukta alifungua mlango wa nyuma kwa ufunguo wake, akaweka mfuko wa dawa juu ya meza ya jikoni na kuita, "Shangazi, nimerudi!" Hakuitikiwa. Dakika tano baadaye mtaa mzima ulikuwa umesikia mayowe yake.

Inspekta alifika saa nane kasoro. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mrefu kiasi cha kuinama kwenye milango ya watu, asiyependa kuguswa wala kuharakishwa. Marehemu alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha dirishani. Kola ya gauni lake ilikuwa imelowa jasho kisha ikakauka, ikaacha duara la chumvi. Mkono wa kulia ulikuwa na bangili ya shaba. Mkono wa kushoto haukuwa na kitu, ila ngozi ya kifundo ilikuwa na mstari mweupe, upana uleule wa bangili. Inspekta aliandika yote mawili.

Mezani, chini ya kawa, kulikuwa na yai, mkate na chai iliyoganda utando. Hakuna kilichoguswa. Katika kopo la sindano zilizotumika kulikuwa na sindano mbili.

Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu, mjane asiye na mtoto, mgonjwa wa kisukari kwa miaka ishirini. Mtaa ulimwita Shangazi kwa sababu ya mpwa wake, mwandishi wa riwaya ambaye picha yake hutoka magazetini akiwa ameshika kidevu. Nukta alikuwa mtumishi wa Shangazi kwa miaka kumi na moja. Jina hilo alipewa na huyo mwandishi kwa ajili ya ufupi wake, nalo likamganda.

Daktari wa polisi hakuzungusha maneno. Insulini ilikuwa nyingi kupita kiasi, na kifo kilitokea kati ya saa tatu na saa nne asubuhi.

"Nilimchoma moja, saa moja kamili, kama kila siku," Nukta alisema. Macho yalikuwa yamevimba, miguu haifiki sakafuni. "Kopo huwa namwaga kila jioni. Asubuhi niliweka moja tu. Nikamwandalia chai, nikatoka saa moja na nusu kwenda hospitali kumchukulia dawa."

"Hukusubiri ale?"

"Alinifukuza! Aliniambia, nenda upesi usikute foleni, mimi si mtoto. Na peremende zake zilikuwepo, Inspekta. Kopo la peremende haliondoki mfukoni mwa kile kiti. Akihisi kutetemeka tu, anatia moja mdomoni."

Inspekta alitazama mfuko wa kiti. Ulikuwa mtupu. Ilimchukua nusu saa kulipata kopo la peremende, juu kabisa ya kabati la nguo, limesukumwa hadi ukutani. Yeye mwenyewe alisimama kwa vidole vya miguu kulifikia.

"Bangili alivaa mkono gani?"

"Kushoto. Tangu marehemu mumewe amvalishe. Hata kuoga haivui."

Mkuu wa kituo hakutaka habari za bangili. Alikuwa amesoma riwaya ya mpwa, tena mara mbili, na humo ndani mtumishi mfupi anamuua bibi yake kwa sindano ya pili ya insulini. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

"Mwandishi kaliona zamani," alisema akipigapiga jalada la kitabu. "Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta. Alhamisi saa tatu asubuhi anasomewa shtaka la mauaji."

"Mkuu, tunamshtaki mtu kwa ushahidi wa riwaya?"

"Kwa ushahidi wa sindano mbili. Una hadi kesho jioni kuniletea mwingine."

Shtaka la mauaji halina dhamana, na Nukta, aliyekwisha kuwekwa mahabusu, hakuwa na ndugu wa kumpelekea hata kanga ya kujifunika. Nyumba aliyofungiwa nje ndiyo ilikuwa kwao.

Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, Inspekta alimwendea fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa na ugomvi na Shangazi juu ya maji machafu ya mtaro. Watu walishamtaja. Fundi mwenyewe alijitaja kabla hajaulizwa.

"Nilimtukana Jumatatu, ni kweli. Lakini mimi bega hili halinyanyuki tangu nianguke, hata kitambaa napangiwa rafuni na mke wangu. Sasa nitamkaba nani?"

"Hakukabwa. Jana asubuhi ulisikia nini?"

Fundi alishusha sindano yake. "Nilimsikia anamwita kaka yake. 'Kaka, nipe peremende. Kaka, nakuomba.' Ilikuwa kama saa tatu kasoro, redio ilikuwa haijasoma habari. Nikasema, bibi wa watu uzee umemwingia, maana kaka yake tulimzika miaka minane iliyopita. Nikaendelea kushona. Ningejua, Inspekta."

Kaka huyo marehemu ndiye aliyekuwa baba wa mwandishi.

Saa nne Inspekta alikuwa kwenye chumba cha kazi cha mwandishi, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka kwa Shangazi. Rafu moja nzima ilijaa madaftari, kila moja na karatasi ubavuni: *Mazishi ya Baba. Talaka Yangu. Jirani Akifiwa na Mtoto. Usiku Mmoja Mochwari.* Juu ya meza, kwa pini, kulikuwa na kipande cha gazeti. Mhakiki mmoja ameandika kwamba riwaya ni nzuri hadi ukurasa wa 112, ambapo inaonekana wazi kuwa mwandishi hajawahi kumwona mtu akifa.

"Unaona wanavyotuonea?" mwandishi alisema. Alikuwa mrefu, uso ni wa babake mtupu, kama picha iliyokuwa ukutani kwa Shangazi. "Mimi situngi kutoka hewani. Nikiandika mvuvi, nalala na wavuvi. Mama alipokuwa analia msibani kwa Baba, nilikuwa nyuma ya mlango naandika sauti anazotoa. Ndiyo kazi."

"Mama yako alijua?"

"Alijua kitabu kilipotoka." Alicheka kidogo. Kisha Inspekta akagundua kwamba daftari liko wazi magotini mwake na kalamu inatembea.

"Unaandika nini?"

"Unavyokunja pua. Endelea, endelea, usijali."

Inspekta akamuuliza jana asubuhi alikuwa wapi.

"Hapahapa. Kwa Shangazi sijafika wiki mbili, Mungu anisamehe. Nilikuwa nasahihisha kurasa za toleo la pili, maana mtambo wa kuchapa ulikuwa unaanza saa sita. Tarishi alizichukua saa tano na nusu. Muulize mhariri wangu."

Kwa hiyo Inspekta akaenda kumuuliza mhariri. Kama mwandishi angesema alikuwa amelala, pengine Nukta angefungwa.

Mhariri, kijana mwenye wino vidoleni, alitoa kitabu cha tarishi. Saa ilikuwa ileile, tano na nusu, na saini ipo. Akatoa na kurasa zenyewe. Zote zilikuwa safi isipokuwa moja.

"Mia na kumi na mbili," alisema kwa fahari. "Ile iliyochekwa. Ona alivyoifumua! Nilipoisoma nywele zilinisimama."

Kilichopigwa chapa kilikuwa kifupi: *Bibi akapiga yowe, akajishika koo, akaanguka.* Kimekatwa. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwandiko wa haraka:

*Hakupiga yowe. Aliomba peremende kwa adabu, kama mgeni. Jasho lilianza shingoni, kola ikalowa na kubadilika rangi. Aliivua bangili yake, akaitazama kama ya mtu mwingine, akaivaa mkono usio wake. Akamwita mwanamume aliyekaa mbele yake "kaka", na kaka yake alikwisha kufa.*

Chini yake kulikuwa na mstari mmoja zaidi, uliofutwa kwa wino mwingi hata kalamu ikatoboa karatasi.

Inspekta aliisoma mara mbili. Bangili hakuwa ameitaja kwa mtu nje ya kituo. Na saa tano na nusu, karatasi hii ilipochukuliwa, Nukta alikuwa bado kwenye foleni ya dawa na hakuna binadamu aliyejua kwamba Shangazi amekufa. Alikwenda dirishani, akaigeuza karatasi upande wa nyuma, ambako kalamu ilikuwa imekwaruza, akaiinua kwenye mwanga. Alikaa hapo muda mrefu.

"Vipi?" mhariri aliuliza.

"Zima mtambo wako."

"Nakala mia sita zimeshatoka, Inspekta! Kuna kosa gani?"

Alipoelezwa alikaa chini. Alisema, kwa sauti ndogo, "Lakini ni sentensi nzuri." Halafu akayasikia maneno yake mwenyewe, akaenda kunawa mikono.

Saa kumi alasiri mwandishi aliketi ofisini kwa Mkuu wa kituo, mguu juu ya mguu. Mkuu alikuwa ameweka kitabu chake mezani apate saini. Inspekta akaweka ukurasa juu ya kitabu.

"Nisomee hapo penye bangili."

Alisoma. Alisoma vizuri, akipumua penye mikato.

"Ulijuaje?"

"Mwandishi ana jicho la ndani, Inspekta."

"Alikutwa na bangili kulia, alama iko kushoto. Kola ina duara la jasho. Jirani alimsikia akiita 'kaka' saa tatu kasoro, na wewe ndiye mwenye uso wa huyo kaka. Kopo la peremende liko mahali ambapo Nukta hafiki bila ngazi. Na hayo yote uliyaandika na kuyakabidhi kabla maiti haijaonekana. Jicho la ndani au la nje?"

Mkuu wa kituo aliutazama ukurasa, kisha mwandishi, kisha taratibu akakivuta kitabu chake kutoka chini ya karatasi.

"Hakuumia," mwandishi alisema hatimaye. "Nilisubiri yule atoke, nikapita nyuma saa mbili. Alikuwa hajala na kumbukumbu imeanza kumpotea; nilimwambia Shangazi kwamba Nukta kasahau kumchoma, akakunja nguo mwenyewe. Aliniamini. Nilikaa naye mpaka mwisho. Wangapi hufa peke yao?"

"Ulikaa naye na kalamu," Inspekta alisema. "Nyumba alishakuandikia. Hakukukosea neno. Ulimuua kwa ajili gani?"

"Kwa ajili ya ukurasa mbovu! Wewe unajua kuchekwa na watu wote wanaosoma? Sikuhitaji mengi. Saa moja tu. Angekufa tu, mwaka huu au ujao, na hakuna ambaye angefaidika na kifo chake."

"Ungengoja hata toleo la tatu. Tusingekupata."

"Mtambo ulikuwa unaanza saa sita," alisema, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Na mstari huu uliofuta?"

Kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya, haya ya ufundi. "Ule haukufaa. Alimwita mtumishi. Msomaji angemwonea huruma, na mtumishi ndiye muuaji. Unaharibu hadithi."

Mkuu wa kituo alitema mate kwenye kikapu cha taka. Askari walipomfunga pingu, mwandishi alizungusha vifundo vyake, akasikiliza chuma, akaomba kalamu.

"Hapewi," Inspekta alisema. "Wala ya kusaini. Atatia dole gumba."

Saa kumi na moja Nukta alitolewa. Kaunta walimrudishia ufunguo, kitambaa cha kichwa na mfuko wa dawa uliochukuliwa jikoni kama kielelezo. Inspekta alimwelezea kila kitu akiwa amesimama. Hakujua kulieleza vizuri jambo lile, akalieleza tu. Nukta hakulia mpaka aliposikia habari ya mstari uliofutwa.

"Aliniita?"

"Mara mbili. 'Nukta, njoo. Nukta.' Inasomeka kwa nyuma."

"Na yeye akalifuta."

"Akalifuta."

Nukta alifungua mfuko, akahesabu vichupa vya insulini kwa kidole, akavigusa kimoja kimoja. Vilikuwa vimelala zaidi ya siku nzima kabatini, kwenye joto la kaunta.

"Inspekta," alisema, "mngeniuliza. Hizi zilitakiwa zikae kwenye friji."