Vazi la Aliye Hai

Kwanza kilisikika kikohozi, kikavu, cha kukwaruza, nyuma ya ukuta wa karatasi. Ndivyo zilivyoanza asubuhi zote nyumbani kwa mzee Sosuke, mtaa wa Kanda, jijini Edo. Mvuke wa tindikali ulikuwa umeshamla mapafu, sasa ulikuwa unamla macho. Binti yake Onui, mwenye miaka kumi na miwili, alifungua dirisha, akalowesha karatasi, akasaga wino.

Sosuke alichora kwa namna ya Waholanzi: sindano juu ya shaba iliyopakwa nta, kisha shaba ikalazwa kwenye tindikali ili mistari ichimbike. Majirani walimcheka. Walisema nyuso zake zenye vivuli ni nyuso ambazo hazijanawa. Hakuacha.

Safari hii alikuwa akichora picha ya Bibi Omasa, ajuza aliyelala hoi. Bibi huyo alitaka jambo moja tu: ajione kabla hajafa. Sosuke alipomaliza uso, macho yakamgomea. Akamwachia Onui achore mavazi, akimkumbusha autazame mchoro katika kioo, kwa kuwa kilicho kushoto kwenye shaba hutokea kulia kwenye karatasi.

Lakini nje ngoma za hekalu zilikuwa zikivuma, na watoto wenzake Onui walikuwa wakimwita akacheze. Onui aliona kioo kinamchelewesha. Akachora moja kwa moja, akakimbia.

Siku ya kuchapa, Kihei muuza mafuta, mwanawe Omasa, alikuja kusubiri. Alitania kwamba mama yake ameagiza apunguziwe makunyanzi. Onui akabandua karatasi kwenye shinikizo la kuchapia, akaliona kosa lake. Upande wa kulia wa vazi ulikuwa umepita juu ya wa kushoto. Hivyo huvikwa maiti tu.

Baba yake aliinamia karatasi bila kuliona kosa, akatabasamu. Kihei naye alimtazama mama yake pichani machoni, si kifuani. Akaanza kuikunja.

"Mjomba Kihei, usiipeleke," alisema Onui. "Nimemvika sanda. Ni mimi, si Baba. Sikutumia kioo."

Kihei akaiangalia tena, akaiachia kama kaa la moto. "Mama yangu bado anapumua, Sosuke. Ninyi mmeshamzika?"

Sosuke hakumpiga binti yake. Alimsihi Kihei angoje hadi kesho, akamkabidhi Onui chuma cha kukwangulia. Onui alikwangua mistari ya vazi mpaka vidole vikachubuka, akailainisha shaba kwa mkaa, akapaka nta upya na kuchora, jicho kwenye kioo. Chapa ya pili ilitoka sawa.

Walipoipeleka kwa Kihei asubuhi, harufu ya ubani iliwapokea mlangoni. Omasa alikuwa amekufa alfajiri. Alilazwa amevikwa kulia juu ya kushoto. Kihei akaipokea picha, akaiweka kando ya kichwa cha marehemu. Humo mama yake alikuwa amevaa kama wavaavyo watu wanaokula, wanaogombana, wanaocheka.

Onui alilia, akasema laiti angenyamaza, bibi angejiona.

"Angejiona maiti ilhali yu hai," alisema Sosuke. "Ukweli wako ulimwokoa na hilo. Lakini haraka yako ilimnyima siku moja, na hakuwa na nyingine. Shaba hukwanguliwa, mwanangu. Siku haikwanguliki."

Onui akapiga magoti karibu na godoro.

"Bibi Omasa," alisema, Kihei akisikia, "sitamchora mtu tena bila kutazama kioo. Hata niitwe na nani."