Ndagala za Mama Ngoy

Ndugu zangu, sikilizeni jambo lililoingia nyumba moja ya Kalemie, enzi za Zaire, wala msijidai kwamba kwenu halijabisha hodi.

Mama Ngoy alikuwa mjane mkaushaji wa ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika. Asubuhi alizianika mchangani, na mwanawe Ngoy alizigeuza kabla ya kwenda shule, huku redio aliyoitengeneza mwenyewe ikiimba. Kijana huyu alitaka kitu kimoja tu: kuwa enjinia wa mawasiliano, asimamishe milingoti ya simu kutoka Kalemie hadi Moba.

Lakini mwaka wa tano wa sekondari Ngoy alianguka hesabu. Mwalimu Mwamba, aliyefundisha somo hilo, akaja nyumbani.

"Mama Ngoy, mutoto ana mikono mizuri, lakini hesabu hajaisikia. Acha arudilie mwaka. Ile kazi anataka, yote njo hesabu."

"Arudilie, wenzake wamucheke? Hapana, Mwalimu."

Kesho yake mama akambebea mkuu wa shule kikapu cha ndagala. Pointi za Ngoy zikapanda. Ngoy alijua, akazipokea. Nani hapendi kupita? Mwaka wa sita kikapu kilikwenda tena, na mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari akaupita kwa majibu ya kunong'onezwa. Mtaa mzima ukaanza kumwita Enjinia, na mama yake hakuwakataza.

Chuoni Kinshasa aliitwa ubaoni akokotoe urefu wa antena. Hesabu yenyewe ilikuwa ya mwaka wa tano. Akasimama na chaki mkononi, asiandike hata tarakimu moja. Mwisho wa mwaka chuo kikamrudisha kwao.

"Wamekuonea," mama yake akasema.

"Hapana, Mama. Sikujua kitu. Na wewe ulijua kama sijui."

Mama Ngoy akalia, maana ilikuwa kweli.

Ngoy akapanda treni hadi Nyunzu, alikohamishiwa Mwalimu Mwamba, akaomba kuketi tena mwaka wa tano. Wanafunzi wakamwita Papa, yaani baba, kwa umri wake. Alivumilia, akauliza kila asichokijua.

Siku moja mama yake akashuka kwenye treni na kikapu cha ndagala kichwani, akakitua mlangoni pa mwalimu. Mwalimu Mwamba akakunja uso.

"Mama, hii tena njo ya nini?"

"Ya kukula, Mwalimu. Pointi, muache azitafute mwenyewe."

Wakazila wote watatu kwa ugali. Baadaye Ngoy aliufanya tena mtihani wa Serikali, safari hii bila kunong'onezwa, akarudi Kinshasa, na alipoitwa ubaoni, aliandika.

Mafunzo

Wazazi, uenjinia wa mawasiliano hauanzii kwenye mlingoti. Unaanzia kwenye hesabu na fizikia ya sekondari, kisha mtihani wa Serikali wa haki, ndipo chuo. Anayemhongea mwanawe pointi anamnyang'anya kazi aliyoitamani. Nanyi vijana, mficha uchi hazai: semeni msichokijua mapema, mbele ya mwalimu wenu. Kurudia mwaka kunauma, lakini hakuna aliyekufa kwa kurudia mwaka.